Maswali ya wasomaji: mgodi ukija kijijini, haki yetu inasimamiwa na nani?

Habari zenu wapendwa. Toka tuandike habari za migodi toleo lililopita barua zimemiminika, na meseji ndo usiseme. Mengi mnauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, yaani sheria ipo, mbona huku kwetu hatuioni? Nimechagua chache zenye jambo la kufanyia kazi. Majina ya watu, vijiji na kampuni nimeyatoa, wengi wenu mmeomba hivyo na nawaelewa.

Tunachomea jikoni kwangu

*Shikamoo dada. Mi ni mama wa watoto wanne, mume wangu ana duara, shimo la kuchimbia dhahabu, na wenzake huku Geita. Wakishasaga mawe kwenye karasha na kuosha mwaloni, pale pa kuoshea mchanga, ile hatua ya mwisho wanakuja kuchomea nyumbani usiku maana kule wanaogopa kuibiwa. Mi ndo nawasha mkaa. Sikuhizi mikono inatetemeka nikichota maji na mdomoni nasikia kama nimelamba msumari, zahanati wamepima malaria hamna. Nina mimba ya miezi mitano. Mume anasema baba yake alichoma miaka yote na hakufa. Ni zebaki au ni mawazo yangu tu? Na kama ni mbaya mbona inauzwa?* Mama wa Geita

Marahaba mama. Naanza na mimba kabla ya kitu kingine chochote. Kesho nenda kliniki ukawaambie kwa maneno hayahaya, nyumbani kwetu tunachoma dhahabu kwa zebaki na mimi ndo nakaa karibu na moto. Usisubiri waulize, wengi hawaulizi. Omba rufaa ya hospitali kubwa, kipimo chake ni cha mkojo. Mi sio daktari na siwezi kukwambia kutetemeka kwako kumetokana na nini, lakini mikono kutetemeka, ladha ya chuma mdomoni, usingizi kukata, fizi kuvimba na hasira zisizo na sababu ni dalili zinazojulikana za mtu aliyevuta mvuke wa zebaki, kwahiyo sio mawazo yako na wala usikubali mtu akwambie hivyo. Na kuanzia leo usikae kwenye huo moto, wala watoto.

Sasa msomee baba hapa. Kile kidonge cheupe mnachokuja nacho kwenye kitambaa ni dhahabu na zebaki zimeshikana. Mmeosha kwenye zulia, mmekusanya mchanga mzito kwenye beseni, mkamwaga zebaki mkakanda kwa mikono mitupu, mkakamua, kikabaki kidonge. Kikipata moto zebaki inageuka mvuke na dhahabu inabaki. Ule mvuke hauonekani, hauna harufu, na haupotei, unagonga bati, ukipoa unashuka kwenye sufuria, kwenye chandarua, kwenye nguo za watoto, na kesho yake jua likipiga bati unaanza kupanda tena. Ukiuvuta unaingia kwenye damu unafika kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito unavuka mpaka kwa mtoto. Baba mkwe hakufa, sawa, ila zebaki kazi yake sio kumuua mtu siku hiyohiyo, na mtoto aliyeko tumboni hawezi kuvumilia kile alichovumilia mzee.

Kuna chombo kinaitwa ritoti. Ni kikombe cha chuma kinachofungwa kabisa, kina bomba linalopita kwenye maji ya baridi, unaweka kidonge ndani unachoma, mvuke unapita kwenye bomba ukipoa unarudi kuwa zebaki unaikinga na kuitumia tena. Fundi mzuri wa kuchomelea anakitengeneza. Mwambie baba kwamba kila siku anachoma hela zake hewani, maana ile zebaki aliinunua. Lakini hata ritoti isiingie jikoni, ni ya nje, mbali na nyumba.

Kuhusu sheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambapo kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakapooza, wakazaa watoto wenye ulemavu, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956. Mkataba wenyewe ulianza kufanya kazi 2017, na haukumfukuza mchimbaji mdogo kwenye kazi yake, ila umetaja mambo ya kukomeshwa: kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa bila kuyapunguza kwanza kwa kuosha, kuchoma wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kupeleka kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa) yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Umeona mama, kuchoma wazi na kuchoma kwenye makazi, nyumbani kwako yanafanyika yote mawili. Na hiyo inayouzwa kwenye chupa ya soda haijaruhusiwa, kemikali hiyo muuzaji anatakiwa awe amesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Ila ngoja niseme kitu ambacho kinaniuma sana. Mume wako hachomei nyumbani kwa ubaya, anachomea nyumbani kwa sababu mwaloni ataibiwa. Hapo ndo usimamizi ulipopotea! Toka masoko ya madini yaanze 2019 dhahabu inapimwa na mrabaha, yaani fungu la serikali kwenye thamani ya madini, unakatwa palepale, vizuri kabisa, lakini ile zebaki iliyoitoa hiyo dhahabu nani anauliza imeenda wapi? Mwenye leseni ndogo ana wajibu wa kisheria wa kuwa na mpango wa kutunza mazingira kwenye eneo lake. Basi kina mama mkusanyike hata watano, nendeni ofisi ya Afisa Madini Mkazi muulize mpango wa mwenye leseni wenu uko wapi, na mdai pajengwe sehemu moja ya kuchomea pale mwaloni, yenye ritoti, mlango na kufuli. Na hapohapo Geita kuna kituo cha mfano cha STAMICO, shirika la madini la taifa, kule Lwamgasa, wanachenjua bila zebaki. Mwambie baba na wenzake wakakione kwa macho.

Nilisaini posho, wanasema nilisaini mradi

*Dada mambo vipi. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji mkoa wa Shinyanga. Mwaka jana walikuja watu wa kampuni na washauri wao wa mazingira, wakaita mkutano siku ya gulio, wakaonyesha picha ukutani, wakagawa maji ya chupa na elfu kumi kumi tukasaini karatasi. Sasa juzi tunaambiwa kijiji kilishakubali mradi na saini zipo. Mi nilisaini hela ya nauli! Tufanyeje, au ndo imetoka hiyo?* Mjumbe

Kaka mjumbe haijatoka. Hii barua yako ningeweza kuibandika kwenye kila ofisi ya kijiji kuanzia Chunya mpaka Tarime, kwa sababu karatasi ya mahudhurio imetumika vibaya sana nchi hii. Saini ya mahudhurio inasema ulikuwepo. Saini ya posho inasema ulipokea hela. Kukubali kwa kijiji kunaonekana kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye ajenda iliyotangazwa, watu waliochangia, waliokataa walisema nini, na uamuzi. Kwahiyo kitu cha kwanza fungua kabati la mtendaji utafute huo muhtasari. Kama haupo, au upo na ajenda ilikuwa maji na madawati, andikeni barua NEMC, baraza la taifa la mazingira, mseme hivyohivyo mkiambatanisha nakala.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi kama mgodi ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na watu watakaoguswa wasikilizwe. Sheria hiyohiyo inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ombeni ile ripoti muisome, sio muhtasari wa kurasa mbili wenye picha ya miti. Wakizungusha, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma ina siku 30 za kukujibu.

Mkishaipata nendeni moja kwa moja kwenye bwawa la tope la mabaki. Hapo ndo pa kukaa usiku kucha. Litajengwa wapi, ukuta wake unajengwa kwa nini, likipasuka tope linaelekea upande gani na nani analala huko, na kengele ya kuwaamsha iko wapi. Nyinyi ni watu wa Shinyanga, mnakumbuka Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipopasuka tope likaingia kwenye mashamba na makazi ya watu. Kule Brumadinho, Brazili, Januari 2019, bwawa la mgodi wa chuma liliporomoka likaua watu 270, wengi wao wafanyakazi waliokuwa chini ya ukuta. Baada ya hapo ndo dunia ikatunga kiwango cha kimataifa cha mabwawa haya, Agosti 2020, na kampuni inayosema ni ya kisasa mnaweza kuiuliza bila woga kama inakifuata.

Alafu maji. Hili nakuomba kaka ulifanye hata kama mengine yote yatashindikana. Kabla mgodi haujaanza, visima na mto wenu vipimwe, mchukue sampuli mbele ya watu, majibu yaandikwe, na nakala ibaki ofisini kijijini na nyingine shuleni au msikitini au kanisani, popote pasipoungua pamoja na ofisi. Ofisi ya bonde la maji wanaweza kupima. Kwanini nasisitiza? Ukanda wa dhahabu una mawe yenye arseniki kiasili, kwahiyo miaka kumi baadae mkilalamika maji mabaya mtaambiwa yalikuwa hivyo toka enzi za mababu, na bila majibu ya zamani hamna cha kubishia. Angalia Nyamongo kule Tarime, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, malalamiko ya mto Tigithe yalivuma toka 2009, na NEMC ilikuja kuutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 mwaka 2019 kwa uchafuzi. Miaka kumi hiyo. Na faini inaenda serikalini, mwenye kisima hapati hata ndoo.

Darasa ni hisani?

*Dada, diwani wetu kila mkutano anatuambia tuishukuru kampuni kwa kutujengea darasa moja, tukihoji anasema tusiwe wachoyo wa fadhila. Ni kweli ni hisani?* Kijana wa Kahama

Hapana mdogo wangu. Toka marekebisho ya 2017 Sheria ya Madini inataka mwenye leseni kubwa aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, ukubaliwe na halmashauri husika. Neno ni wajibu. Na halmashauri inatakiwa isimamie utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Kwahiyo muulize diwani, kwa heshima kabisa, mpango wa mwaka huu uko wapi, una shilingi ngapi, na kijiji chetu kilipeleka vipaumbele gani. Mbali na hapo kuna ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo ya kampuni, huo unaingia halmashauri moja kwa moja na hauna uhusiano na darasa. Uliza na wenyewe.

X nyekundu ukutani

*Binti yangu, anayeandika hapa ni mjukuu wangu mi nasema yeye anabonyeza. Wathamini walikuja mwaka 2021 wakahesabu nyumba, miembe, mihogo na kaburi la mke wangu, wakapiga X nyekundu ukutani, wakasema tusijenge wala kupanda vya kudumu. Mpaka leo hela hakuna na mgodi haujaanza na hakuna anayetuambia kitu. Choo kimetitia na mvua, nikitaka kuchimba kingine mwenyekiti anasema nategesha. Nina miaka 74 naenda vichakani. Je hii ni haki?* Mzee, Kanda ya Ziwa

Shikamoo mzee wangu. Sio haki, na nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 imeweka muda. Uthamini wa fidia ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, mlipaji ana miezi sita kulipa. Ikipita, riba inaanza kuhesabika. Ikipita miaka miwili hajalipa, uthamini ule umekufa, inabidi waje upya wathamini kwa bei za sasa. Kwahiyo swali lenu la kwanza, la maandishi, kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa mthamini wa mkoa, ni hili: taarifa yetu iliidhinishwa tarehe ngapi? Hiyo tarehe ndo kila kitu, na mara nyingi ndo wanayoificha, maana kuna vijiji walipigwa X alafu taarifa haikufika hata kwa Mthamini Mkuu. Kama haikuidhinishwa basi ile X haina nguvu ya kukuzuia milele.

Mjukuu, tafuta makaratasi ya babu. Kuna fomu namba 69 ya ardhi aliyotakiwa kupewa kutaarifiwa, na fomu ya uthamini yenye picha yake akiwa ameshika namba. Kama hana nakala mzidai, ni haki yake. Na fidia sio nyumba tu. Kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko na maendelezo yote, kuna posho ya usumbufu, usafiri wa kuhamisha mizigo, kodi ya nyumba ya kuishi kwa miezi 36, na faida iliyopotea kama mtu alikuwa na duka au mashine. Kaburi nalo lina taratibu zake na gharama zake, mzee asihamishiwe mkewe kimyakimya. Fidia ikikosa kipande kimojawapo msisaini mkiambiwa mtaongezewa baadae. Na kwa Sheria ya Madini, mwenye leseni hatakiwi kufanya kazi ndani ya mita 200 ya nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji, kwahiyo wakianza kuchoronga mashimo karibu na kwako kabla hujalipwa una pa kusimamia.

Kuhusu kutegesha. Ni kweli jambo hilo lipo, watu wanasikia mgodi unakuja wanasimamisha vibanda vya bati usiku mmoja, wanapanda miche ya miti iliyobanana wakisubiri kuhesabiwa, na wanaoumia mwisho wa siku ni wenyeji halisi kwa sababu kampuni inawaweka wote kapu moja. Lakini choo cha mzee wa miaka 74 sio tegesha! Andika barua fupi kwa mtendaji, sema choo kimebomoka, ambatanisha picha, sema unachimba kingine kwa ajili ya afya na hutakidai fidia kama kitu kipya. Peleka nakala kwa bwana afya wa kata. Alafu chimba. Mwenyekiti akitaka kukuzuia aandike na yeye, aweke saini yake chini kwamba amemkataza mzee kuwa na choo. Sidhani kama ataandika.

Asilimia 10 yetu

*Dadangu, sisi ni wa Kwale, Kenya. Mgodi wa mchanga wa titani ulifungwa mwisho wa 2024. Tulikuwa tunasikia jamii ina asilimia 10 ya mrabaha. Inapitia wapi, na saa hii mgodi umefungwa ndio basi?* Wasomaji wa Msambweni

Sio basi. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 imegawa mrabaha hivi, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale mgodi ulipo. Mrabaha wa madini yaliyokwisha kuuzwa ni deni la miaka ile, haufi kwa sababu mashine zimezimwa. Shida ya hii hela miaka yote imekuwa kuchelewa Nairobi, na jamii ni nani hasa, nani asimame kwa niaba yao. Msipojipanga, asilimia 10 itajadiliwa na watu wengine kabisa. Muulizeni mwakilishi wenu wa wadi na mbunge wenu hesabu ya mwaka kwa mwaka. Msichanganye na ile ya makubaliano ya maendeleo ya jamii, hiyo inatoka kwa kampuni, kanuni za 2017 zimetaja angalau asilimia 1 ya mapato ghafi ya mwaka, na ina kamati yake ambayo mna haki ya kuona vitabu vyake.

Ila kufungwa kwa mgodi kuna kazi yake kubwa: mashimo, bwawa, ardhi kurudishwa hali ya kulimika, na nani anabaki na hiyo ardhi. Hudhurieni hiyo mikutano kuliko mlivyohudhuria ya kufungua.

Kutoka Kolwezi

*Dada, jambo sana. Hapa Kolwezi makamiyo ya kobalti yanapita mbele ya nyumba usiku na mchana, vumbi tu. Ni kweli kuna feza yenye inapaswa kurudia kwetu?* Ndugu wa Lualaba

Jambo sana ndugu. Ni kweli. Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inagawa mrabaha: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa komini, sekta au sheferi, yaani utawala wa chini wa mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwaka huohuo na mrabaha wake ukapanda mpaka asilimia 10, kwahiyo hiyo 15 ya komini kwa Kolwezi sio hela ndogo. Juu yake kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, na kuna daftari la ahadi ambalo kampuni inatia saini na jamii. Muulize bugumesta, mkuu wa komini, alipokea kiasi gani, na mlinganishe na ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi wa mapato ya madini, ambazo zinachapisha malipo ya kampuni. Vumbi nalo limo kwenye wajibu wao wa mazingira, kumwagia barabara maji sio zawadi.

Wanataka nisaini ya Kiingereza

*Dada naandika nikiwa hospitali. Mdogo wangu ana miaka 17, waliingia na wenzake kwenye kifusi cha mgodi kuokota mawe, walinzi na askari wakawakimbiza, yeye alipigwa mguu umevunjika sehemu mbili. Hospitali wanataka PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, na polisi wanasema akija atafunguliwa kesi ya kuingia eneo la mgodi. Leo wamekuja watu wawili wa kampuni na karatasi ya Kiingereza, wanasema nikisaini tunapewa milioni mbili na matibabu. Mama anasema tusaini tu. Naomba jibu haraka.* Dada mtu

Mdogo wangu pole sana. Nimekujibu pembeni siku ileile, hapa narudia kwa ajili ya wengine maana barua kama yako hazijawa moja.

Usisaini leo. Kampuni inayotaka kumtibu inaweza kumtibu bila saini ya kufuta madai. Waambie mnashukuru kwa matibabu, karatasi mtaisoma na mwanasheria, waache nakala. Wakikataa kuacha nakala umeshajua ni karatasi ya aina gani. Kule North Mara miaka ile hizi karatasi za watu kuahidi hawatashtaki kokote ndo zilileta kelele kubwa kuliko hata kiasi cha fidia, kwa sababu watu walisaini wasichokielewa. Na kuna wengine wa hukohuko ambao hawakukubali yaishe hapo, wakaenda mahakama ya London, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Sikupi matumaini ya uongo, njia ya nje ni ndefu na sio kila mlango unafunguka, wengine walifungua Ontario, Kanada mwaka 2022 na 2024 mahakama ya kule ikasema kesi hiyo sio ya kusikilizwa kwao. Kwahiyo ushahidi wa hapa nyumbani ndo wa kuutunza kwanza.

PF3. Mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, hiyo fomu ni ya ushahidi, sio tiketi ya kuokolewa. Lakini muichukue, bila hiyo mbele ya safari mtaambiwa alianguka na bodaboda. Nenda na mzazi pamoja na msaidizi wa kisheria, wapo wilayani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii watakuunganisha. Kuingia eneo la mgodi bila ruhusa ni kosa na anaweza kushtakiwa, nakwambia ukweli. Ila ni jambo moja, na kuvunjwa mguu ni jambo jingine, kosa la kuokota mawe halimpi mtu yeyote leseni ya kumvunja mtoto. Na kwa miaka 17 yeye ni mtoto kisheria, hata kuhojiwa asihojiwe peke yake. Uchimbaji umetajwa wazi kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009 kama kazi ya hatari isiyoruhusiwa kwa mtoto, na mkiuliza imekuwaje watoto wanaingia kila siku kwenye kifusi chenye ulinzi, hilo swali ni la mgodi, la kijiji na la shule aliyokuwa hayupo, sio lake peke yake.

Leo hii piga picha mguu, tunza nguo alizovaa bila kufua, andika namba ya faili, omba nakala ya eksirei, andika majina ya aliokuwa nao na saa yenyewe kabla hamjasahau. Alafu barua tatu zenye maneno yaleyale. Moja dawati la malalamiko la mgodi, dai namba ya lalamiko, maana miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu inataka aliyeumizwa apate njia ya kudai. Ya pili Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenyewe inapokea malalamiko bure. Ya tatu Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Madai ya kuumizwa mwilini kwa kawaida yana miaka mitatu kufikishwa mahakamani, na kama ni askari wa serikali kuna notisi ya siku 90 ya kuishitaki serikali inayotangulia, kwahiyo mwanasheria umuone mwezi huu. Kila barua iwe na nakala yako, na hiyo nakala wapige muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hujatoka mlangoni kwao.